Mbuzi Ndani ya Begi

Ramadhani ilikuwa imebaki siku mbili, na shangazi yangu anayekaa upande wa pili wa London alikuwa amechoka kusikia kwamba napika kunde kwa tui la kopo. "Njoo uchukue mbuzi yangu," akaniambia kwenye simu. "Mimi magoti hayataki tena kuikalia." Nikaenda. Akaikunja, akaizungushia khanga, akaitia kwenye begi langu pamoja na nazi tatu, akaniombea dua hadi mlangoni.

Dua zilikomea kituo cha treni. Polisi walikuwa wamesimika ule mlango wa kunusa chuma, kama wa uwanja wa ndege. Mbele yangu akapita bibi mmoja na kigari chake cha sokoni, kimya. Nilipopita mimi, mlango ukalia kama umefiwa.

"Una kitu chochote chenye makali?"

Nikasema hapana, kwa moyo safi kabisa. Sisi watu wa Tanga ukituuliza makali tunafikiria kisu. Mbuzi ni kigoda, jamani.

Askari akafungua khanga. Kikachomoza kile chuma, meno yakimeta, maana shangazi alikuwa ameyapiga tupa ili nisipate tabu. Askari akarudi nyuma hatua moja.

"Hiki ni nini?"

Kiingereza nakitumia kazini kila siku, lakini pale kilinikimbia chote kikaniachia neno moja. Nikamjibu: ni mbuzi. Yaani yule mnyama.

"Mbuzi," akarudia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Kibaya zaidi, sheria yenyewe naijua, kwa kuwa nafanya kazi jikoni hotelini. Kwa sheria ya 1988, kijisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unatembea nacho bila kuulizwa. Kikizidi hapo uwe na sababu ya maana, na kuithibitisha ni juu yako. Ukishindwa, kifungo kinaweza kufika miaka 4. Wapishi wenzangu hubeba visu vyao kwenda kazini, sababu wanayo. Halafu nikakumbuka kwamba tangu Septemba 2024 yale mapanga ya mbwembwe, yenye meno na miiba, ni marufuku hata kuyaweka ndani kwako. Nikayatazama meno ya mbuzi. Yangu yakaanza kugongana.

Nikaomba niwaoneshe inavyotumika. Kuishika wakanikatalia. Basi nikachuchumaa juu ya mbuzi isiyokuwepo, katikati ya kituo, miguu huku na huku, nikashika kifuu cha hewa nikaanza kukuna. Krr, krr, krr. Sauti naitoa mwenyewe kwa mdomo. Abiria waliokuwa wanakimbilia treni wakaacha kukimbia. Nilihesabu simu sita zinanirekodi, nikaacha kuhesabu.

Askari akanitazama kwa huruma. "Kwa nini usinunue ya kopo?"

Nilitaka kumpa namba ya shangazi wamalizane wenyewe.

Aliyeniokoa ni askari wa kike aliyekuwa akipekua mabegi pembeni. Akasogea, akainama, akagusa zile nazi tatu kwa kidole, kisha akacheka. Wazazi wake, kumbe, wametoka Sri Lanka. "Bibi yangu anacho," akawaambia wenzake. "Cha kwake anakibana kwenye meza."

Wakaandika jina langu, wakaizungushia mbuzi khanga yake vizuri kuliko nilivyokuja nayo, wakaniambia niende nyumbani moja kwa moja, nisipitie popote. Ndani ya treni kiti cha jirani yangu kilibaki kitupu safari nzima.

Nafika tu, simu inaita.

"Mbuzi imefika salama, baba?"

"Imefika, Shangazi."

"Alhamdulillahi. Sasa hizo nazi utazivunja na nini? Njoo kesho uchukue na panga."