Mgeni Sebuleni Kwangu

Leo alfajiri simu imeniambia mimi ni mgeni. Nimekaa kwenye kochi langu, nililolilipia kwa awamu nne, chini ya bati ninazozijua moja moja kwa uvujaji wake. Nimebonyeza pale pa kubadilisha waifai ya kamera, programu ikanijibu bila hata shikamoo: wewe ni mgeni, ombi hili lifanywe na mwenye kifaa.

Wandugu, mimi ni mtu mzima. Nina watoto watatu, niko kwenye kamati ya maji ya mtaa, na msibani kiti changu hakikaliwi na mtu mwingine. Leo naitwa mgeni na kitu cha ukubwa wa kikombe cha kahawa.

Kisa ni ruta. Ya zamani ilikufa Jumamosi na ule umeme wa kuja na kuondoka kama mtu anayedaiwa dukani. Nikanunua mpya, nikaipa jina lile lile na nywila ile ile, nikijua kamera zitaingia zenyewe kama kuku jioni. Hazikuingia. Mpangaji wangu wa uani, anayesoma chuo, akaja kutazama. Akasema ruta mpya inachanganya mawimbi mawili kwenye jina moja, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kamera zangu zinaelewa hiyo 2.4 peke yake. Hiyo 5 ina mbio lakini ukuta wa tofali unaichosha, hiyo 2.4 inajikongoja lakini inapenya. Nikasema kumbe kamera zimefanana na mimi. Akacheka zaidi ya kiasi, na kodi yake ya miezi miwili sijaiona. Akayatenganisha mawimbi, la 2.4 likapata jina lake. Ikabaki kuzipa kamera hilo jina jipya, ndipo nikaambiwa mgeni.

Na msidhani shida ni kamera tu. Nyumba yetu ni nyumba janja, ujanja wenyewe ni wa kututapeli sisi tunaoishi ndani. Umeme ukirudi saa tisa usiku, taa zote zinawaka kwa mpigo, hadi za chumba cha watoto, kama tumeshinda kesi. Kamera ya geti nayo haijawahi kukubali kwamba imehama Uchina: saa yake iko mbele kwa masaa matano. Jirani alipoibiwa pampu, picha iliandika 07:14. Toa matano, 02:14. Igeuze iwe saa ya Kiswahili, saa nane na dakika kumi na nne usiku. Mjumbe wetu alitusikiliza kwa heshima zote, halafu akauliza hiyo pampu iliibwa mara ngapi. Buibui simtaji. Akitandaza utando mbele ya lenzi, usiku mwanga wa infraredi unaugonga na kurudi, picha inakuwa nyeupe kama maziwa, simu inapiga kelele kuwa kuna mtu. Kweli kuna mtu, ana miguu minane.

Turudi kwenye umiliki. Nilijaribu kwanza njia ya kiume. Nikapanda ngazi, nikachomeka njiti ya meno kwenye kile kitundu cha nyuma cha kuifanya isahau yote ianze upya, nikahesabu hadi kumi. Kamera ikashtuka, ikazungusha kichwa kushoto, ikazungusha kulia, ikaanza kunisemesha Kichina. Nikaielekezea simu yenye vile viraba vya kuskani, mkono juu, shingo nyuma, kama mtu anayetoa sadaka kwa mungu asiyemfahamu. Ikanyamaza. Jibu likaja: kifaa hiki kina mwenyewe.

Nikampigia fundi. Fundi huyu mwaka jana alizifunga kwa simu yake kwa sababu, nanukuu, "simu yako bosi imejaa picha za asubuhi njema." Akaniambia atanihamishia baadaye. Baadaye ya fundi mnaijua.

"Bosi, hiyo ndogo sana," akasema. Yuko saiti Dodoma, nyuma yake kinu cha zege kinasaga. "Unaingia kwa namba yangu, wanatuma tarakimu sita kwenye laini, unaziandika, unajihamishia. Dakika mbili."

"Haya, nisomee."

Kinu kikasaga peke yake.

"Bosi, laini yenyewe ni ile ya zamani."

"Iko wapi?"

"Kahama."

"Inafanya nini Kahama?"

"Iko kwenye simu."

"Na simu inafanya nini Kahama?"

"Iko na mama wa mtoto. Tulipoachana niliiacha ili mtoto aangalie katuni. Bosi, mpigie wewe. Mimi nikipiga hapokei."

Nikapiga. Nikajitambulisha kwa ile sauti ya kikao cha kamati. Nikasema dada, samahani kwa usumbufu, mimi ni mteja wa baba mtoto wako, kuna tarakimu sita zitaingia hapo.

"Wewe ndiye wa kochi la kahawia?"

Nikamwambia sijaelewa.

"La kahawia, limechanika mkono wa kulia, mmelifunika kitenge. Kaka, poleni. Tangu Jumamosi siwaoni, nikajua mmehama au mmepata msiba. Nilitaka kuuliza nikakosa namba."

Niliishiwa pumzi. Mpangaji aliwahi kunieleza habari za kirusi cha Mirai, kilichoteka kamera na ruta za watu kwa sababu wenyewe waliziacha na nywila za kiwandani, na Oktoba 2016 kikazima Twitter na Netflix huko Marekani kwa saa kadhaa. Siku ile nilirudi mbio nikaweka nywila ya herufi kumi na nane, ina nyota, ina alama ya dola, mimi mwenyewe naisoma kwenye karatasi niliyoificha ndani ya kopo la mchele. Namzuia mwizi wa ng'ambo. Kumbe programu kwenye ile simu ya Kahama haikuwahi kufungwa, mtoto akimaliza katuni mama yake anafungua sisi.

"Umekuwa unatuona muda gani, dada?"

"Toka Ramadhani. Si kila saa, kaka, bando lenyewe la kubana. Jioni jioni tu. Ule msuli wako wa mistari uache sasa, umeshakuwa wavu."

Hapo heshima ikanitoka. Nilipaza sauti. Nikasema hii ni nyumba ya watu! Nikasema nimetembea miezi mingapi humu ndani nikijikuna ninavyotaka, nikidhani ni mimi na Mungu na mke wangu! Nimemlipa fundi, nimelipa bando, nimenunua kadi ya kumbukumbu, nimepanda ngazi na magoti haya, halafu mwenye nyumba ni mtu wa Kahama ninayemsikia leo! Akaniacha niseme. Nilipomaliza akauliza taratibu:

"Yule kijana wa fulana nyekundu anayeruka ukuta saa kumi alasiri kuchuma maembe yenu, mnamfahamu?"

Hatumfahamu. Simu yangu hutuma taarifa arobaini kwa siku, paka, kanga kwenye kamba, kivuli cha mwarobaini. Nilishazinyamazisha tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo kati ya watu wote wenye kamera zangu, aliyekuwa akizitazama ni yeye peke yake.

Nikaomba tarakimu. Akasema atazisoma, ila kwanza nimwambie fundi wangu atume matumizi ya mtoto, miezi mitatu, elfu hamsini hamsini. Nikampigia fundi, fundi akasema bosi mwambie mwisho wa mwezi. Nikampigia dada, dada akasema mwambie mwisho wa mwezi upi. Nimekaa katikati ya ndoa iliyovunjika nikipeleka maneno Dodoma na Kahama kwa dakika zangu mwenyewe, na sekunde za ile programu zinashuka, sitini, hamsini, arobaini. Zikaisha. Nikaomba tena. Safari hii akaanza kusoma, nne, saba, moja, mtoto akamnyang'anya simu. Ya tatu programu ikasema nimejaribu mno, nirudi baada ya saa 24.

Nikatuma elfu hamsini yangu. Msiniulize. Fundi atanipunguzia kwenye kazi ijayo, ndivyo alivyosema, kwa hiyo sasa itabidi nitafute kitu kingine cha kuharibika.

Mke wangu alikuwa mlangoni muda wote, nikajua leo nimekwisha. Akaninyang'anya simu. Badala ya matusi nikasikia, "Ee wifi, na yule muuza mkaa, magunia aliteremsha mangapi siku ile? Mimi nilihesabu mawili." Matatu, wifi. Moja lilikwenda kwa jirani. Wakaongea mpaka salio likakata, akachukua simu yangu nyingine.

Kesho muda ukifika nitapata tarakimu zangu, nitakuwa mwenye kifaa. Lakini nimeshapewa masharti, na siyo na programu: wifi abaki kwenye orodha, na kamera ya sebuleni ihamie jikoni upande wa banda la kuku, kwa sababu kutoka Kahama kona ile haionekani vizuri. Jioni hii nikapanda ngazi kutoboa tundu jipya. Mke ameishika ngazi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana simu kwenye spika.

"Shusha kidogo, kaka," inasema sauti, "hapo itakuwa inaangalia bati."

"Dada, si huoni kitu! Kamera haijaunganishwa!"

"Sioni, lakini nakujua. Shusha."

Nikashusha. Na hapo ndani mita ya umeme, LUKU, ikaanza kulia.