Robo mzunguko wa kalibu si kipimo

Ukifungua kisanduku cha kalibu ya kurudishia maganda ya risasi za raifo, yaani kifaa cha chuma kinacholibana ganda lililofyatuliwa lirudi umbo lake, karibu kila mara utakuta kijikaratasi chenye maelekezo yaleyale: zungusha kalibu mpaka iguse kishikio cha ganda (kinachoshika kitako chake kwenye presi, mashine ya kulisukuma ganda ndani ya kalibu), ongeza moja ya nane au robo mzunguko, kaza nati, anza kazi. Anayeanza akiwauliza wakongwe, anajibiwa hivyohivyo. Hakuna anayemwambia apime. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu maelekezo hayo yanampa mtu maganda yanayoingia kwenye bunduki yoyote ile, huku yakimharibia maganda ya bunduki aliyonayo.

Nawaandikia zaidi ndugu zetu mlioko Marekani, ambako kujaza upya risasi za matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Kenya na Tanzania sheria ni nyingine kabisa, msiibebe kazi hii mkaja nayo nyumbani.

Tuchukue risasi ya aina ya .308 Winchester. Bunduki nzima, isiyo na kasoro, chemba yake, yaani tundu linamokaa risasi, inaweza kuwa na kina cha inchi 1.630 kutoka uso wa bolti (komeo linaloifunga kwa nyuma) hadi bega (mteremko wa kuelekea shingo ya ganda), au ikakaribia 1.634, na zote mbili fundi atazipitisha. Kalibu haijui yako ni ipi. Imechongwa ili ganda likitoka humo liingie hata kwenye chemba iliyobana kuliko zote. Ukiishusha mpaka mwisho, bega la ganda lako linaweza kurudishwa nyuma inchi 0.006 au zaidi, wakati kwa raifo ya bolti, inayofungwa kwa mkono, unahitaji 0.001 hadi 0.002 tu.

Angalieni kinachotokea risasi ya namna hiyo ikifyatuliwa. Pini ya kufyatulia inaisukuma mbele mpaka bega liguse chemba, na nyuma ya kitako panabaki mwanya. Baruti inawaka, shinikizo linapanda (kikomo cha .308 ni psi 62,000, yaani paundi kwa inchi ya mraba), na kuta nyembamba za mbele zinang'ang'ania chemba. Kitako, ambacho ni kinene na hakishiki, kinarudi nyuma kuufuata uso wa bolti. Shaba iliyo katikati, kama sentimita moja juu ya kitako, ndiyo inayovutika. Ukirudia hivyo mara chache, ndani ya ganda panachimbika mfereji mwembamba na nje panatokea mstari unaong'aa kulizunguka ganda. Safari inayofuata ganda linakatika vipande viwili, na gesi inatafuta njia ya kutokea upande ulipo uso wako. Watu hulaumu shaba kwamba ni mbovu. Shaba haina kosa. Imevutwa bila sababu na mtu ambaye hakupima.

Kwa hiyo pima kwanza. Unahitaji kalipa (kipimo cha mataya cha kupimia unene na urefu) na kile kipachiko chenye tundu linalokaa juu ya bega. Chukua maganda matano yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako, si ya kuokota uwanjani. Toa fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, kabla ya kupima, maana fataki iliyochomoza kidogo itakudanganya. Pima toka kitako hadi bega, uchukue lililo refu kuliko yote, kwa sababu ganda lililofyatuliwa mara moja mara nyingi halijaijaza chemba sawasawa. Tuseme linasoma 1.632. Tarakimu yenyewe inategemea kipachiko chako, usiilinganishe na ya jirani. Unachotafuta ni tofauti.

Sasa futa mafuta ya kiwandani ndani ya kalibu, ishushe mpaka iguse kishikio, kisha irudishe juu nusu mzunguko. Paka ganda mafuta, lipitishe, lifute, lipime. Shusha kalibu kidogo, rudia. Hapa ndipo wengi wanapotishika: kabla bega halijarudi nyuma, kipimo kinaongezeka. Ganda lililokuwa 1.632 linasoma 1.634 na bolti inagoma kufunga. Wala hujakosea. Kalibu inabana tumbo la ganda na shaba inakimbilia mbele, kwa kuwa bado haijakutana na kizuizi begani. Endelea kushusha. Uzi wa kalibu ni 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mzima ni inchi 0.071, na digrii 10 tu ni 0.002. Hizo digrii 10 ndizo unazotafuta, na robo mzunguko ina digrii 90.

Kwa haki, robo hiyo haisogezi bega inchi 0.018. Kalibu ikishagusa kishikio, kinachobaki ni kumaliza ulegevu wa presi. Lakini kuumaliza ndiko kunakokufikisha mwisho wa kina, mahali ambapo bunduki yako huenda haihitaji kabisa.

Ukifika 1.630, kaza nati ya kalibu wakati ganda likiwa ndani, ili ikae katikati. Pitisha mengine matatu uone kama yanarudia. Kisha toa pini na kitoa ganda kwenye bolti, uingize ganda tupu: mkono wa bolti unapaswa kushuka bila kusukumwa.

Nakubali kwamba njia ya kijikaratasi ina mahali pake. Maganda ya kuokota yaliyopigwa na bunduki usizozijua, yashushe mpaka mwisho safari ya kwanza. Na bunduki inayojipakia yenyewe inataka bega lirudi 0.003 hadi 0.005, kwa kuwa hakuna mkono wa kuisaidia bolti kufunga. Hata hizo zinapimwa.

Mafuta nayo yana ugomvi wake. Yakipungua, ganda linanasa ndani ya kalibu na kishikio kinararua ukingo wa kitako. Hapo utatoboa kitako, uchonge uzi ndani ya tundu, ulivute ganda kwa skrubu. Yakizidi, bega linapata mabonyeo. Mabonyeo madogo yatanyooka kwenye mlio unaofuata, lakini ni onyo. Lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) iliyoyeyushwa kwenye alkoholi ya asilimia 99, sehemu moja kwa kumi, inatosha kabisa, ilimradi usubiri alkoholi ikauke. Wenye haraka ndio wanaonasa. Kosa linalosahaulika zaidi liko ndani ya shingo: tufe la kutanulia shingo, lililo kwenye fimbo ya ndani ya kalibu, likipanda kavu, linavuta shingo na bega kwenda mbele, na ile 0.002 uliyoihangaikia inapotea papo hapo. Pitisha brashi yenye nta kidogo ndani ya mdomo. Vipimo vikikuyumba bila sababu, chunguza hapo, na kama unapaka mafuta kwa kiasi kilekile kila ganda, kwa sababu ganda kavu linaipinda presi zaidi na bega linabaki mbele.

Kabla ya kujaza baruti, futa mafuta yote kwa nje. Ganda lenye mafuta halishiki chemba, na mzigo wote unaangukia bolti.

Urefu wa ganda unapimwa baada ya kupita kwenye kalibu, si kabla, kwa kuwa kubanwa kunalirefusha. Kwa .308 kikomo ni inchi 2.015, likipita hapo, likate mpaka 2.005 na kulainisha mdomo ndani na nje. Na ganda lolote usilolijua historia yake, chukua waya mwembamba, kunja ncha yake, uupitishe ndani ukikwaruza ukuta kutoka chini kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye mfereji karibu na kitako, libonde kwa koleo mtu mwingine asije akalijaza.