Lincoln Phillips na ubingwa uliofutwa: alikuwa kocha au msajili tu?

Mwezi uliopita mpwa wangu alimtumia kocha mmoja wa chuo cha Marekani video za mechi zake. Ni vipande vya dakika nne hivi, vingi vya uwanja wa shule wenye vumbi, goli moja halina nyavu. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Halikuuliza anacheza namba ngapi wala anatumia mguu upi. Liliuliza amezaliwa lini, amemaliza shule lini, na tangu amalize amechezea timu gani. Kijana alishangazwa na hilo swali la tatu. Mimi sikushangaa, kwa sababu kuna ubingwa wa taifa wa vyuo vya Marekani uliofutwa kwenye vitabu kwa swali la namna hiyohiyo, na kocha aliyeupata bado anagawanya watu wanaofuatilia soka la vyuo.

Kocha huyo ni Lincoln Phillips, mzaliwa wa Trinidad, mwaka 1941. Alikuwa kipa. Alikuwamo kwenye timu ya Trinidad na Tobago iliyopata medali ya shaba ya Michezo ya Mataifa ya Amerika huko Winnipeg mwaka 1967, na mwaka uliofuata akaingia Marekani kucheza soka la kulipwa. Kwenye klabu ya Washington Darts alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, na anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kufundisha timu ya kulipwa ya soka nchini humo. Mwaka 1970 akakabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, akakaa nayo hadi 1980. Hesabu yake pale ni mechi 116 za kushinda, 19 za kufungwa na 11 za sare.

Hakuna anayebishana na hesabu hiyo. Ubishi ni kuhusu wachezaji waliompa ushindi huo. Timu yake ilijaa vijana wa Trinidad, Jamaika, Ghana, Nigeria na Guinea, na Wamarekani walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana wapo wanaosema Phillips hakuwa kocha mkubwa, alikuwa msajili mzuri. Ni hoja ileile inayorudi kwetu kila dirisha la usajili, Simba na Yanga wanapopimwa kwa idadi ya wageni badala ya mpira wanaoucheza.

Tarehe 30 Desemba 1971, kwenye uwanja wa Orange Bowl, Miami, Howard waliifunga Saint Louis 3-2 katika fainali ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Hakuna chuo cha kihistoria cha watu weusi, kama Howard, kilichokuwa kimewahi kutwaa taji la daraja la kwanza la NCAA katika mchezo wowote. Saint Louis, waliofungwa, walikuwa mabingwa wa 1969 na 1970. Wakati ule ukisema soka la vyuo umesema Saint Louis.

Kisha ukaja uchunguzi. Mwaka 1973 NCAA iliipokonya Howard taji lile na kuifungia isicheze mtoano wa msimu huo, kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza. Kanuni zilizotumika zinafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu hukumu yote imekaa humo.

Ya kwanza iliitwa kanuni ya 1.600. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitakiwa awe na makadirio ya alama yanayoonyesha kwamba ataweza masomo ya chuo, na makadirio hayo yalitokana na rekodi yake ya sekondari na mitihani ya Kimarekani. Kijana aliyetoka Accra au Port of Spain na vyeti vya mfumo wa Kiingereza angeweza kuwa kichwa kweli darasani, lakini kama hakufanya mtihani ule, fomu yake ina pengo.

Ya pili ilikuwa ya wageni peke yao. Ilisema kwamba kila mwaka mgeni anaoshiriki mashindano yaliyopangwa nje ya Marekani, baada ya kutimiza miaka 19 na kabla ya kuanza chuo, utahesabiwa kuwa mwaka mmoja wa kucheza chuoni. Chukua kijana wa Morogoro. Anamaliza shule ana miaka 19, anakaa miaka miwili akihangaikia ada na viza, jioni anachezea timu ya mtaani kwenye ligi ya wilaya. Akitua Marekani ameshapoteza miaka miwili ya mpira wa chuo hata kabla hajavaa jezi. Kijana wa Marekani aliyefanya vilevile kwao, kanuni hiyo haimgusi.

Howard walikwenda mahakamani. Jaji wa Washington aliiona kanuni ya wageni kuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Hapohapo akaziacha kanuni nyingine zisimame, ikiwemo ile ya 1.600, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ilikubaliana naye. Kwa hiyo kila upande ulitoka na cha kushika mkononi. Howard wanasema mahakama ilikiri walionewa kama wageni. NCAA wanasema mahakama ilikiri kanuni zao zilivunjwa. Taji halikurudi. Na kanuni ya 1.600 yenyewe, iliyochangia kulichukua, NCAA waliifuta mwaka uleule wa 1973.

Hoja ya NCAA haistahili kudharauliwa. Mashindano ya vyuo yanadai kuwa ya wanafunzi, si ya watu walioajiriwa kucheza. Kocha akiruhusiwa kuvuka bahari na kurudi na mtu wa miaka 24 aliyekwisha kucheza na wanaume kwenye ligi za kwao, mtoto wa miaka 18 wa Ohio hana nafasi. Nasi tumo kwenye kesi hii. Suleiman Nyambui, mwanariadha wetu wa medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow 1980, alichukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa El Paso, Texas. Wakati anaanza mfululizo huo alishapita miaka 25. Sisi tulishangilia, na tulikuwa na haki. Mzazi wa Kimarekani ambaye mwanawe alimaliza wa pili naye alikuwa na jambo la kuuliza.

Ukitaka kuiona hoja hiyo ikiwa hai, mtazame mtu aliyekaa kwenye benchi la wapinzani pale Miami. Harry Keough wa Saint Louis alikuwa mfanyakazi wa posta aliyefundisha timu ya chuo baada ya kazi, akabeba mataji matano, moja likiwa la kugawana. Wachezaji wake aliwapata nyumbani, katika jiji ambalo parokia za Kikatoliki ziliendesha ligi za watoto. Mtoto alianza kupiga mpira akiwa darasa la kwanza, akaishia kwa Keough. Huo ni ukocha ninaouheshimu sana, ukocha wa mtu anayevuna shamba ambalo mji wake umelilima. Anayesema njia ya Keough inaijenga nchi kuliko ya Phillips ana ushahidi mkononi.

Lakini Keough huyohuyo alikuwa beki wa timu ya Marekani iliyoifunga Uingereza 1-0 kule Belo Horizonte, Kombe la Dunia la 1950. Bao lile lilifungwa na Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekwenda New York kusoma uhasibu Chuo Kikuu cha Columbia huku akiosha vyombo mgahawani, na siku hiyo hakuwa raia wa Marekani. Siku ambayo soka la Marekani lilijivunia kuliko zote kwa miaka mingi ilitoka kichwani mwa mwanafunzi mgeni kutoka Karibi. Sioni namna ya kumpigia makofi Gaetjens kisha ukakunja uso kwa vijana wa Phillips.

Na vijana wale hawakuokotwa kwa ajili ya mpira tu. Howard ilianzishwa 1867, na kwa miongo mingi imekuwa chuo ambacho wazazi wa Karibi na Afrika walipeleka watoto wao kusomea udaktari, sheria na uhandisi, wakati vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimewafungia milango. Mwaka 1961, Phillips akiwa bado Trinidad, Howard ilishatwaa ubingwa wa soka wa NAIA, chama kingine cha vyuo. Phillips aliikuta mila, akaipa makali. Wageni walikuwa wanafunzi wa kawaida wa pale, kama parokia zilivyokuwa za kawaida kwa Saint Louis. Kila kocha alivua kwenye maji yaliyokuwa mbele ya nyumba yake.

Kwa upande wangu, jibu kubwa zaidi kwa wanaomwita msajili ni msimu wa 1974. Msajili akinyang'anywa wachezaji na taji, ameisha. Howard walitoka kwenye kifungo, wakacheza mechi 19 na kushinda zote 19, nahodha akiwa Ian Bain wa Trinidad. Fainali ilipigwa mjini St. Louis, ndani ya Busch Stadium, dhidi ya wenyeji ambao walikuwa wamechukua mataji mawili yaliyopita. Mechi iliingia dakika za nyongeza, ikaingia tena, na tena. Katika kipindi cha nne cha nyongeza Kenneth Ilodigwe, Mnigeria, akafunga, ikawa 2-1. Mtu aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja anajua kwamba kipindi cha nne cha nyongeza hakishindwi kwa usajili. Miguu imekwisha kwa pande zote mbili. Kinachobaki ni pumzi iliyojengwa tangu mazoezi ya kwanza ya msimu, na imani kwa mtu anayekupigia kelele kutoka kwenye mstari. Phillips alipewa hukumu, akaigeuza kuwa programu ya mazoezi.

Wapo wanaosema Howard iliadhibiwa kwa sababu ni chuo cha weusi tu. Siwezi kwenda nao hadi mwisho. San Francisco, chuo cha Kikatoliki chenye kocha mzungu, Steve Negoesco, nao walifutiwa taji la 1978 kwa mchezaji asiyestahili. Hata hivyo, angalia wale San Francisco walikuwa na akina nani: Wanigeria kwa wingi, akiwemo Andy Atuegbu. Jicho la chama lilitua mara mbili pale pale, kwenye timu za wageni. Hiyo haithibitishi nia mbaya. Inatosha kuonyesha nani alikuwa anapekuliwa mfuko.

Palipo na lawama kwa Phillips, kwa maoni yangu, si kwenye uraia wa wachezaji wake. Ni kwenye makaratasi. Kocha mkuu wa chuo ni nusu kocha, nusu karani, na anayemtoa kijana Lagos au Port of Spain akamweka Washington amebeba dhamana ya kujua kama fomu zake zimetimia. Ofisi ya michezo na ofisi ya udahili nazo zilikuwa na wajibu huo, pengine mkubwa kuliko wake. Lakini anayewatazama wachezaji machoni ni kocha. Vijana wa 1971 walishinda uwanjani kwa haki, kisha ushindi wao ukafutwa na kazi ya mezani ambayo wao hawakuipangiwa. Taji la 1974 lilimponya Phillips. Kwa waliomaliza masomo kabla ya 1974, taji lililowahusu ni lile lililofutwa, na kwenye orodha ya mabingwa nafasi ya 1971 ipo wazi hadi leo.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Timu ya chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto wa watu walioachwa huru kutoka utumwani ilikuwa karibu yote ya watoto wa nchi nyingine. Kijana mweusi wa Washington mwenyewe alikuwa kwenye kikapu na futiboli ya Kimarekani, na soka halikumwita. Je, lilikuwa jukumu la Phillips kumwita? Nimelifikiria mara nyingi, na ninamwondolea lawama hiyo kwa sehemu. Ligi za parokia za St. Louis zilijengwa na mji mzima kwa miaka mingi. Kocha mmoja hawezi kujenga mji. Alichoweza ni kuacha mlango wazi, na mlango ule ulipitisha watu. Shaka Hislop alipita hapo Howard baadaye, akasoma uhandisi, akacheza fainali ya vyuo ya 1988 waliyofungwa 1-0 na Indiana, na mwaka 2006 akalinda lango la Trinidad na Tobago dhidi ya Sweden kwenye Kombe la Dunia, 0-0.

Tangu hapo NCAA imebadili kanuni mara nyingi. Kwa miaka mingi kanuni ya mchezaji anayechelewa kuanza chuo huku akiendelea kucheza imewahusu wote, mgeni na mzawa. Hilo ndilo Howard walilodai mahakamani, kwamba kipimo kiwe kimoja.

Jana usiku mpwa wangu alinipigia. Anajaza majibu ya yule kocha, na alitaka kujua kama ndondo za mtaani nazo ni timu, maana amecheza mashindano mawili tangu amalize kidato cha nne na hakuna aliyemlipa zaidi ya soda na nauli. Nimemwambia aziandike zote, na tarehe, na hiyo nauli.