Magari hewa ya Uber: mkaguzi siyo adui wa dereva

Ile Greyball, mfumo wa siri wa Uber wa kuwakwepa wakaguzi wa serikali, ulioanikwa na New York Times Machi 2017, mi bado inaniuma. Desemba 2014 Uber waliingia Portland, Marekani bila kibali, jiji likatuma wakaguzi wajifanye abiria, sasa mkaguzi anafungua simu anaona vigari vinatembea kwenye ramani, anaita, haji mtu, au dereva anakubali halafu safari inakatishwa. Vile vigari havikuwepo. Yaani sisi tunajua wafanyakazi hewa, wenzetu wakatengeneza magari hewa!

Walimjuaje mkaguzi? Walizungushia mstari ofisi za serikali kwenye ramani wakaangalia nani anafungua na kufunga programu yao kila saa akiwa pale, wakacheki kama kadi anayolipia ni ya ushirika wa akiba wa polisi, wakafika hadi madukani kuchukua namba za utambulisho za simu za bei chee maana ndo wakaguzi walikuwa wananunua hizo. Jiji lilipochunguza baadaye likakuta maofisa 16 walishawekewa alama na safari 29 zikazuiwa.

Uber wana hoja, tena siyo ndogo. Walisema mfumo huo unawakinga madereva na watu wanaoita gari ili wawadhuru, na hilo Nairobi wanalielewa vizuri, mwaka 2016 magari ya Uber yalichomwa moto pale kwenye ugomvi na wenye teksi. Mi mwenyewe nataka dereva akingwe. Halafu sheria nyingi za teksi zilikuwa zinawalinda waliotangulia kuliko abiria, hata Portland wenyewe Aprili 2015 waliwaruhusu Uber kwa majaribio.

Ila mkaguzi hakuja na petroli jamani, alikuja kuangalia leseni na bima, vitu ambavyo siku ya ajali abiria ndo anavililia, na ukimfumba macho yeye umemfumba na abiria ambaye hata hajui kuna kitu kimefichwa. Kibaya zaidi anayeamua nani ni mhalifu na nani ni mtumishi wa umma ni kampuni peke yake, kimyakimya, kwa mfumo uleule.

Kugoma waziwazi kunawezekana. Aprili 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini Tanzania, walipobana kamisheni anayokatwa dereva isizidi 15% Uber wakasimamisha huduma nchini humo, waliumia madereva na abiria, sikatai, lakini kila mtu alijua ugomvi ni wa nini, na Januari 2023 wakarudi.

Siku chache baada ya New York Times kuianika, Uber walisema hawataitumia tena Greyball dhidi ya wakaguzi. Mamlaka ya usafiri London ilipowanyima leseni Septemba 2017 ikataja, kati ya sababu zake, jinsi walivyoielezea Greyball, na Uber wakajitetea kwamba Uingereza hawakuwahi kuitumia kwa kazi hiyo.