Ushirika wa mbali unahitaji katibu kuliko machozi

Ukikaa na Wakristo wa Mbeya, Rungwe, Njombe au Iringa wanaoishi Ulaya au Marekani, mazungumzo hayakawii kufika kanisani. Wanacholilia si ibada. Ibada huku zipo, tena nzuri: ogani inapigwa na mtu aliyeisomea, mahubiri yameandaliwa, na saa moja ikitimia watu wanavaa makoti. Kinacholiliwa ni jumuiya. Zile nyumba kumi au kumi na tano zinazopokezana ibada, benchi lililoazimwa kwa jirani, na mzee wa kanisa anayebisha hodi ukikosekana wiki ya pili kuuliza kama unaumwa au umenuna.

Huku hakuna anayebisha hodi. Wenyeji hawana roho mbaya, ila kwao kumfuata mtu nyumbani bila miadi ni kumwingilia. Na sisi tunakosea tunapodhani pengo hilo litazibwa na hisia. Nyumbani ushirika unabebwa na ujirani: unamkuta shemasi sokoni, unamkuta mhazini kwenye daladala ya Uyole. Ujirani ukiondoka, kazi yote iliyokuwa ikifanywa na njia na soko inabaki bila mwenyewe. Lazima apatikane mtu mwenye daftari.

Daftari linaanza kabla ya safari. Mtu akihama kutoka Tukuyu kwenda Makambako anachukua barua ya utambulisho, lakini akienda Ujerumani anaaga, anaombewa, anapigwa picha, na barua inasahaulika. Paulo alipomtaja Fibi mwishoni mwa waraka kwa Warumi alifanya jambo hilohilo la ofisini: huyu ni dada yetu, anatoka kanisa la Kenkrea, mpokeeni, msaidieni kwa lolote atakalohitaji. Barua ya leo iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali pa ubatizo na kipaimara, usharika, sahihi na muhuri. Iandikwe Kiswahili, na tafsiri fupi ya lugha ya kule iambatanishwe. Ukosefu wa karatasi hiyo utaonekana siku ya kubatiza mtoto au kufunga ndoa, na wakati huo kuitafuta kutoka mbali ni usumbufu mtupu.

Kwa anayekwenda Ujerumani kuna jambo moja ambalo nyumbani halielezwi. Anapojiandikisha makazi, fomu inauliza dini. Akijaza kwamba ni Mprotestanti wa kanisa la Kiinjili, anahesabiwa mshiriki wa usharika wa mtaa wake, na kodi ya kanisa inaanza kukatwa kwenye mshahara. Ni asilimia 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na 9 kwingineko. Wengi hushtuka wakidhani ni asilimia ya mshahara. Sivyo, ni asilimia ya kodi ya mapato. Anayekatwa kodi ya euro 300 kwa mwezi atatoa euro 27 kwa kiwango cha 9, na mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato hakatwi kitu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akawa kwenye orodha ya kanisa, akachangia kila mwezi, na asipeane mkono na muumini mwenzake mwaka mzima. Kwetu ni kinyume chake: unaweza kuwa na deni la bahasha ya ahadi tangu Januari, lakini ukiugua uji unaletwa.

Tiba ina nusu mbili. Ya kwanza ni kwenda ofisi ya usharika wa huku siku ya kazi, si kusubiri Jumapili mlangoni. Kahawa ya baada ya ibada ni nzuri kwa salamu, lakini ofisini ndiko utakakopewa tarehe za kikundi cha Biblia na kwaya. Kwaya ndiyo njia ya mkato, maana ina mazoezi kila wiki na usipokwenda, sauti yako inapungua. Wenyeji watakuulizia hata bila kuwa na desturi ya kuulizia.

Nusu ya pili ni kubaki na jumuiya ya nyumbani kwa simu, na hapa ndipo mipango mingi hufa. Inauawa na saa. Tanzania haibadilishi saa, lakini Ulaya na Marekani hubadilisha. Ibada ya saa 12 asubuhi Mbeya ni saa 10 alfajiri Ujerumani wakati wa baridi, na saa 11 wakati wa kiangazi. Hakuna muuguzi wa zamu atakayeimudu zaidi ya majuma matatu, na asihesabiwe kuwa amepoa kiroho. Kwa aliye Minnesota saa hiyohiyo ni saa 3 usiku wa jana yake wakati wa baridi, au saa 4 wakati wa kiangazi, yaani ibada ya alfajiri ya Jumamosi anaipata Ijumaa usiku akiwa ameshakula. Anayeumia zaidi ni aliye Ulaya, ingawa ndiye aliye karibu. Saa 10 jioni ya Mbeya inawafaa wote: Ujerumani ni saa 8 au 9 mchana, Minnesota ni saa 1 au 2 asubuhi.

Ratiba iandikwe kwa saa ya Tanzania tu, na kila aliye nje ajihesabie. Katibu aweke alama kwenye kalenda: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kurudisha, Ulaya hufanya Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika majuma hayo ya katikati ndipo nusu ya kundi hujiunga wakati wenzao wanasema amina.

Kuimba pamoja kwa simu haiwezekani, na tuache kujaribu. Sauti huchelewa njiani, mmoja yuko ubeti wa pili wakati mwingine bado anavuta kiitikio, na mwisho kila mtu anapunguza mwendo kumsubiri mwenzake. Nyumba moja iongoze, wengine wote wazime maikrofoni na waimbe kwao. Picha nayo izimwe. Video inakula bando la mwenyeji wa Kiwira au Makete bila faida, na masika mtandao ukiyumba sauti peke yake ndiyo hupenya. Simu ya kundi ya WhatsApp inachukua watu 32, na hiyo inatosha jumuiya. Ikizidi hapo imeshakuwa mkutano.

Mkesha ni habari nyingine. Ujerumani, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi jengo la kupanga linatakiwa kuwa kimya, na jirani akisikia maombi ya sauti kubwa saa 7 usiku hatauliza ni dhehebu gani. Lakini kuna mfano wa zamani unaofaa kuliko mkesha, nao uko kwenye historia ya Wamoravian wenyewe, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Huko Herrnhut, mji wao mdogo Ujerumani, Agosti 1727, waumini waligawana saa 24 za siku: kila saa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kila mtu mahali pake. Maombi hayo yaliendelea kizazi baada ya kizazi, kwa takribani miaka mia. Yalidumu kwa kuwa kulikuwa na zamu na majina. Jumuiya yenye watu Mbeya, Berlin na Minnesota imepewa usiku na mchana bure: saa ngumu ya Mbeya ni jioni ya mtu mwingine. Anayetaka andiko la pamoja asihangaike kulichagua, Herrnhut imekuwa ikichapisha andiko la kila siku tangu 1731, na kitabu hicho kinasomwa kwa makumi ya lugha.

Sasa pesa, maana ndipo upendo unapochachuka. Sadaka ndogondogo zikitumwa moja moja, ada inazila. Walio mji mmoja wakusanye, mmoja atume kila baada ya miezi mitatu, na iende kwenye akaunti au namba ya malipo ya kanisa, si kwenye simu ya mchungaji, hata kama ni mtakatifu. Mhazini atoe stakabadhi, na kiasi kisomwe kwenye matangazo kama cha mtu mwingine yeyote, bila makofi ya ziada. Ukipokea ujumbe wa maandishi kwamba mchungaji amekwama na anahitaji pesa leo, mpigie usikie sauti yake. Akaunti za watu huibiwa.

Mnada wa baada ya ibada unaweza kushirikisha aliye mbali kwa namna nzuri sana. Anamtuma mtu anunue mkungu wa ndizi au debe la mahindi kwa jina lake, kisha upelekwe kwa mjane au mgonjwa wa jumuiya. Aweke kikomo cha bei. Bila kikomo, euro zinapandisha mkungu hadi mama aliyekuja na shilingi elfu tano anakosa cha kununua, na huo si ushirika tena.

Nyumbani nao wana lao. Jumuiya nyingi humkumbuka aliye nje siku ya bati na saruji tu. Wafilipi walimtumia Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito, Epafrodito akaugua karibu kufa, na kilichomsumbua ni kwamba ndugu zake wamesikia anaumwa. Habari zilikwenda pande zote mbili. Aliye nje anataka kujua nani amejifungua, nani ameamka kitandani, kwaya ya vijana imegombania nini safari hii. Hayo hayagharimu hata shilingi.

Orodha ya maombi itumwe Alhamisi au Ijumaa, majina yasizidi saba, na kila jina liwe na kitongoji chake. "Mama Neema" peke yake hakusaidii kitu, wako wanne, na Rungwe kila jina la ukoo linaanza na Mwa. Ugonjwa usitajwe kama mwenyewe hajaruhusu, maana ujumbe unaotumwa kwa watu 30 unafika kwa shangazi wa Dar es Salaam kabla ya ibada kwisha. Na aliyepona jina lake liondolewe juma linalofuata, na iandikwe kwamba amepona.