Si kwamba wenzetu wana huruma kutuzidi

Mbongo akishaona mstaafu wa kijijini Uingereza anaacha chai mezani kukimbilia jirani aliyeanguka, tena bure, husema wenzetu wana utu. Nakataa. Ajali ikitokea Chalinze, wa kwanza kufika ni bodaboda na mama ntilie, na hakuna aliyewatuma. Tofauti ni nani yuko nyuma ya anayejitolea.

Vijijini huku Uingereza ninakoishi ambulensi iko mbali, na moyo uliosimama hausubiri: kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua wala kushtua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 10. Anayejitolea anaijua hesabu hiyo, na anajua kesho anaweza kuanguka mkewe. Anafundishwa na huduma ya ambulensi yenyewe, anakabidhiwa begi la oksijeni, glavu na mashine ya kushtua moyo, na wapokea simu wa 999, namba ya dharura ya huku, ndio wanaomwita. Glavu zikiisha, analetewa nyingine. Watu hudhani kazi yote ni mashine, kumbe ni mikono: mgonjwa alale sakafuni, si kwenye godoro linalobonyea, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mkandamizaji apokelewe kila dakika 2 kabla mikono haijalegea. Vibandiko vya mashine navyo havishiki kwenye jasho, ndiyo maana begini kuna taulo na wembe.

Nyumbani Tanzania msamaria anaziba damu kwa kanga yake, mikono mitupu, anamkimbiza majeruhi hospitali kwa mafuta yake mwenyewe, kisha anaulizwa kama ndiye aliyegonga. Hofu ya polisi na PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, imewafundisha wengi kupita pembeni. Na ari bila mafunzo huumiza: majeruhi anabanwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na abiria, shingo inaning'inia, au kitambaa kinafunuliwa kila mara "tuone", damu iliyoanza kuganda inabanduka. Bonyeza dakika 10, usichungulie.

Mfumo wa m-mama unatuonyesha njia: ukipiga 115 kwa ajili ya mjamzito na ambulensi haipo, kituo kinamwita dereva wa mtaani aliyesajiliwa, na analipwa.

Vyama vyetu Wabongo wa huku Uingereza hupenda kuchangia nyumbani ambulensi kuukuu, inayokuja kulala ikikosa tairi. Mimi ningeanzia kwenye kijiwe cha bodaboda: mafunzo ya siku moja, yanayorudiwa kila mwaka, sanduku la glavu na bandeji, na mtu mmoja wa zahanati mwenye jukumu la kulijaza.