Oya Kitambi, Umekula?

Kabla hamjaendelea kusambaza ile stori ya jamaa wa netiweki, eti nililia chooni: sikulia. Niliingia kunawa uso. Nilikawia kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kidogokidogo.

Jana nilipewa kazi ya kuunganisha mfumo wetu wa wafanyakazi na huduma ya kutuma SMS. Kwenye NetWeaver Developer Studio, programu ya SAP ya kutengenezea mifumo, unaingiza modeli: unaionyesha faili la WSDL, yaani faili la maelezo ya huduma, yenyewe inasoma huduma inaitwaje, inataka nini, inarudisha nini. Sasa modeli hiyo ina anwani mbili. Msio wa IT, mfikirieni mama ntilie: anwani moja ndiko unakosoma ubao wa vyakula, nyingine ndiko oda inakopelekwa. Mimi ubao niliusoma seva ya majaribio. Oda nikaielekeza seva yenyewe, ile ya kazi. Kwa mkono wangu huu huu.

Kwenye maandishi ya kujaribia nikaweka utani wangu na jamaa wa netiweki. Sehemu ya mpokeaji nikaiacha tupu. Kumbe tupu maana yake ni wote!

Nikabonyeza. Kimya, kiduara kinazunguka. Nikabonyeza tena. Kinazunguka. Ya tatu nikabonyeza kwa hasira, kama anayebisha hodi kwa mdeni wake.

Ti. Simu ya dada wa mapokezi. Akasoma, akakunja uso. Ti, ya dereva. Ti, ya mhasibu, naye akajishika tumbo. Halafu yangu ikawaka hapo mezani: OYA KITAMBI, UMEKULA?

Ng'ambo ya kioo, chumba cha mkutano, bosi alikuwa amesimama anaeleza bajeti. (Mnaomjua umbo lake, msicheke kwanza.) Simu yake ikatetemeka. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasoma upya. Ikatetemeka ya pili. Akajaribu kufunga kifungo cha koti. Hakikufika. Ikaja ya tatu. Jamani.

Basi, barua ya maelezo nimeandika, anwani nimerekebisha. Mlinzi wa tawi la Mbeya alipiga simu makao makuu kusema ameshakula, anashukuru. Bosi hajanisemesha. Ila leo saa saba mhudumu kaniwekea mezani sahani ya wali maharage, imejaa hadi inamwagika.

"Mzee anasema ule, na wewe kije."